Kola

Kola ya kwanza nilidhani ni panya.
Ya pili nikailaumu sabuni.
Ya tatu niliitoa ndooni, nikaiinua mwangani kwa jicho la fundi,
nikaona meno yako, Nyevu,
meno yale niliyoyahesabu yakiota,
yamepita ukingoni kama mshono wa cherehani isiyo na uzi.

Malindi hii, nusu ya watoto wa Maweni wanavaa sare zangu.
Najua mtoto anaponenepa, najua anapokonda,
futikamba hainifichi kitu.
Ila wangu, wa nyumba moja, wa kitanda kimoja,
nilimpima kwa alama.

Jumanne tumbo. Alhamisi tumbo.
Kule zahanati daktari alikubonyeza huku na huku,
kisha akaniuliza mimi, si wewe:
"Mtihani lini?"

Nikayakumbuka maneno yangu.
Niliyasema nikiwa na pini mdomoni, lakini uliyasikia:
Usinitie aibu.
Mtoto wa Bi Mwanaidi kapata ngapi?
Ada hii naipitisha tundu la sindano.
Na siku ile ulipoleta thelathini na nane kwa mia
sikusema kitu. Nilikanyaga cherehani,
trrr, trrr, hadi usiku,
nawe ndotoni saba mara nane, saba mara nane,
hufiki.

Jumamosi niliifunika cherehani.
Tukapita sokoni, nikanunua mabuyu ya shilingi kumi,
yale mekundu ya kuchafua ulimi,
tukaenda hadi langoni pa shule.
Bawabu Tsuma akakataa. Akataja sheria.
Akasema vyumba vimekwisha kufagiwa, madawati yamehesabiwa.
Nilimwonyesha suruali yake ilivyofumuka pajani.
Akafungua.

Harufu ya chaki na popo.
Madawati yametenganishwa kama watu waliogombana.
Ulisimama mlangoni, mkono ukapanda shingoni kuitafuta kola.
Sikukuambia usiogope.
Nani aliwahi kuacha kuogopa kwa kuamrishwa?
Nilikuuliza tu: lako lipi?

La tatu, dirishani. Ukakaa. Likayumba.
"Mama, linacheza. Siku zote linacheza. Nikiandika, linacheza."
Muhula mzima, mwanangu,
muhula mzima umelibeba neno hili
na hapakuwa na wa kuambiwa.

Nikapekua mkoba: chaki ya fundi, risiti, vifungo,
na ile karatasi, thelathini na nane,
wekundu wa kalamu umepenya hadi nyuma.
Sijui kwa nini nilikuwa natembea nayo.
Nikakupa.
Ukaikunja mara mbili, mara nne, mara nane,
ukapiga magoti, ukaisokomeza chini ya mguu mfupi.
Ukalisukuma dawati kwa kiwiko.
Kimya.
Ukacheka, ulimi mwekundu.

Tulikaa mle hadi jua likahama ubaoni.
Nilijibana dawati la jirani, magoti kifuani,
nikakusimulia nilivyoukimbia mtihani wangu mwaka ule,
nikajifungia chooni, kengele ikalia mara tatu.
"Halafu?"
"Halafu nikasikia njaa, nikaenda nyumbani."
Ukaitafuna habari hiyo pamoja na buyu lako.
Kisha, bila kuulizwa, shavu limejaa kokwa:
"Hamsini na sita."

Jumatatu nilikufunga vifungo, cha juu nikakiacha wazi.
Nikakuambia upate usipate, jioni kuna wali.

Ukarudi, mkoba umening'inia bega moja.
Swali lilinijaa mdomoni kama pini,
nikalichomeka mtoni mwa pini, pamoja na wenzake.
Nilikushika shingoni tu, kama napima.
Kola ilikuwa kavu,
isipokuwa pembe moja, ya kushoto.

Pembe moja. Hiyo nitaishona.